Vumbi la Tembo

Zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakifuga kama sisi, Tembo alikuwa na ng'ombe wengi kuliko wote. Na katika nchi ile heshima ya mfugaji ilipimwa kwa vumbi. Jioni mifugo iliporudi, wote walisimama milangoni kutazama vumbi la nani limepanda juu zaidi. Kila siku lilikuwa la Tembo.

Maziwa? Hapo msiulize. Ng'ombe wake walikuwa mbavu tupu, ndama walikufa kabla ya kuota pembe, na kibuyu chake hakikujaa hata nusu. Tembo alilala na njaa, lakini alilala na sifa.

Jirani yake, Nguchiro, kamnyama kadogo kenye maneno mengi, alikuwa na ng'ombe mmoja tu, mwenye ndama mchanga. Kila mwaka alitenga majani bondeni ya kuwavusha kiangazi. Mwaka huo kundi la Tembo likaingia, likayafagia yote. Maziwa ya ng'ombe wake yakaanza kukauka, na ndama akawa halii tena, amelala tu. Nguchiro aliumia sana.

Akaenda kumsihi Tembo apunguze ng'ombe. Tembo akacheka, akasema mwenye ng'ombe mmoja hana la kumfundisha mwenye kundi.

Kesho yake jioni Nguchiro akakata matawi ya mgunga, akayafunga kiunoni, akakimbia nyuma ya ng'ombe wake huku na huku. Kwaru! Kwaru! Vumbi likapanda likafunika jua, naye mwenyewe, kwa udogo wake, hakuonekana humo ndani.

Tembo akaja mbio. "Jirani, ng'ombe mmoja na vumbi lote hilo?"

"Mzee, vumbi ni uzito wa kwato," akajibu Nguchiro, akihema. "Wangu amepungua, lakini alishiba tangu zamani. Wako ni wepesi mno, wanapita kama makapi."

Tembo akaona aibu, akaomba ushauri. Nguchiro akamwambia abaki na wachache, wengine awape jamaa wa mbali wamfugie, wao wanywe maziwa, ng'ombe wabaki wake, kama ilivyo desturi. Bonde lipumzike. Na akikamua, amwachie ndama chuchu moja, maana ndama mzito ndiye vumbi la kesho. Tembo akafanya yote, kwa tamaa ya vumbi.

Mvua zikanyesha. Majani yakaota, kwa kuwa hakukuwa na kwato za kuyakanyaga. Ndama wa Nguchiro akasimama, akaanza kuruka ruka.

Ndipo Tembo akaalika nchi nzima ije ione vumbi lake jipya. Jioni ng'ombe wakaja, wanene, viwele vimejaa, wakipita kwenye majani yaliyofika magotini. Vumbi, hata chembe.

Wageni wakatazamana. Tembo akageuka kwa hasira, na nyuma ya nyumba ya Nguchiro akaona yale matawi, kamba bado imefungwa. Akaelewa.

"Umenidanganya."

"Nimekudanganya, Mzee," akasema Nguchiro. Akamnyooshea kibuyu cha maziwa yaliyokamuliwa zizini kwa Tembo mwenyewe. "Lakini kunywa kwanza, kisha unikanyage."

Tembo akanywa. Akanywa mpaka povu la mwisho, akafuta mkonga.

"Kipo kingine?" akauliza.

Wanangu, vumbi hata likifunika jua, halijazi kibuyu.