Mto Ulionyamaza Katikati ya Ubeti

Ukiniuliza mimi, mwenye kelele usimwogope. Mwogope aliyekuwa akipiga kelele, kisha akanyamaza ghafla. Wahenga hawakulisema hilo kwa kukosa kazi. Aliyelijua vyema ni msichana mmoja wa darasa la saba, ambaye wenzake walimbandika jina la Kidole, maana hakuweza kughani shairi bila kugonga mizani yake kwenye dawati.

Asubuhi moja, baada ya mvua ya siku tatu, mwalimu wa ushairi alikuwa akimnoa mbele ya darasa kwa ajili ya mashindano. Shairi lilihusu mto uliopita bondeni nyuma ya shule, na desturi ya mwalimu ilikuwa kufungua dirisha ili mto wenyewe uwapigie mapigo.

"Ubeti wa kwanza ubembeleze," alisema. "Sikia hizo 'sha' na 'shu' zinavyoteleza."

"Washuka mto washuka, waosha mashina shwari," Kidole alighani.

"Haya, wa pili ututishe! Zigonge hizo 'go' na 'ko'!"

"Gogo kwa gogo lagonga, kokoto..." Akanyamaza, mkono ukiwa hewani.

"Umepoteza mizani," mwalimu alikunja uso.

"Si mimi, mwalimu. Mto hausikiki."

"Si afadhali! Leo tutasikilizana." Darasa zima likacheka.

Kidole hakucheka. Mvua inyeshe siku tatu, halafu mto ukae kimya? Na huko bondeni mama yake, dobi, alikuwa akifua mashuka ya nyumba ya wageni! Alichomoka mbio bila ruhusa.

Alimkuta mama katikati ya mto, ameinamia kidimbwi kilichobaki. Mashuka yalikuwa yameanikwa juu ya mawe ambayo jana yalikuwa chini ya maji.

"Mama, toka! Maji yatakuja!"

"Maji yapi? Wewe umetoroka shule, acha vituko. Leo Mungu kanipa uwanja wa kuanikia."

Kidole alisihi, akalia, lakini alikuwa akimpigia mbuzi gitaa. Ndipo alipokumbuka kwamba kila siku mama alifua kwa mapigo ya shairi lile, alilomsikia akilikariri nyumbani. Akaokota jiwe, akagonga beseni: "Gogo kwa gogo lagonga, kokoto zakata kingo. Gogo kwa gogo lagonga..."

Mikono ya mama ikafuata yenyewe. Katikati ya mstari, Kidole akanyamaza.

Mikono ikabaki juu, ikingoja. Hapakuwa na ngurumo, wala chura, wala tone. Mama aliusikia ule utupu, na hofu ikamshika.

"Mbona umeishia njiani?" alinong'ona.

"Mto pia umeishia njiani, mama. Kipande chake kingine kiko huko juu."

Mama hakuuliza tena. Waliacha kila kitu, wakapanda ukingo kwa magoti na kucha. Kabla hawajafika ukuta wa shule, magogo yaliyoziba mto huko mlimani yakaachia. Ardhi ilitetemeka. Maji mekundu yakapita yakibingirisha mawe, mashuka na beseni, na pale alipokuwa ameinama mama hapakuonekana tena.

Walikumbatiana. Juu yao, mwalimu alisimama dirishani, mdomo wazi.

"Sasa mwenye mashuka nitamwambia nini?" mama aliuliza huku machozi yakimtoka.

"Mwambie mto ulinyamaza, mama," Kidole alijibu. "Na kimya kingi kina mshindo mkuu."