Viganja vya Bibi Ukutani

Wahenga walinena kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mke wa mpima barabara alikuwa amefungua milango minane katika miaka kumi, lakini kuingia hakuwahi.

Barabara ilikoelekea ndiko mumewe alikohamishiwa, na familia ikafuata kama mkia. Walipofika nyumba ya tisa, yenye mlango wa bati uliojikunja kama jani kavu, mwanamke yule alishusha pumzi. Akayapanga masanduku sebuleni, moja juu ya jingine, kamba zake zikiwa vilevile.

"Niyafungue ya nini? Mwakani tutafungasha tena," alisema. "Sisi hatuna kwetu, Mama."

Mama mkwe wake, ajuza kipofu aliyehama nao kote, alivua viatu, akaweka kiganja ukutani, akaanza kutembea. Alipapasa madirisha, bomba na kila pembe, akihesabu hatua. Alipogusa ufa alinong'ona, "Pole, nyumba yangu."

Mjukuu wake wa kike, mwenye miaka saba, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Bibi, unaongea na ukuta?"

"Tunaamkiana, mke mwenzangu. Utalalaje kwa mtu usiyemjua?"

Wiki ya pili, adhuhuri, waya wa umeme ulishika moto sebuleni. Masanduku yakawaka, yakauziba mlango wa mbele. Mwanamke, aliyekuwa chumbani na binti yake, alikurupuka hadi kwenye ujia, akakuta moshi mzito. Lilikuwa giza totoro mchana kweupe. Hakujua kushoto wala kulia. Madirisha yote yalikuwa na nondo. Alimkumbatia mtoto.

Mara mkono mkavu ukamshika kifundo.

"Inama. Usimwachie mtoto. Hatua saba, kisha kushoto," ajuza alisema, sauti imetulia kama ya mwenyeji anayemwonyesha mgeni bafu. Akawapitisha stoo, nyuma ya rafu, akavuta komeo la kimlango ambacho mkaza mwanawe hakujua hata kama kipo. Hewa safi ikawapiga usoni.

Majirani walikuja mbio na mchanga, wakauzima moto. Mwanamke alimtazama mkwewe, ambaye macho yake hayakuona moto wala mbingu. Akapiga magoti pale pale vumbini.

"Mama, mimi mwenye macho sikukiona kile kimlango. Wewe ulikionaje?"

Ajuza alimpangusa masizi shavuni. "Wewe ulikuwa bado safarini, mwanangu. Mimi kila ninapofika, huwa nimefika."

Mpima barabara alipowasili akihema, aliwakuta barazani kwa jirani.

"Kimebaki nini?" aliuliza.

"Tumebaki sote," mkewe alimjibu, huku ameushikilia mkono wa yule ajuza kwa mikono yake miwili, asiweze kuuachia.

Hakika, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.