Mistari Mitano ya Bi Pumzi

Mtu anayekula mkate laini haulizi unga ulikandwa na nani, wala kwa muda gani. Anatafuna, anapangusa midomo, kisha anasema hata yeye angeweza kuuoka. Watu wa namna hiyo hawakosekani popote, na katika karakana ya viti vya magurudumu alikuwapo mmoja, tena mwenye shahada mbili na tai. Kabla ya kumfikia huyo, sharti tuanze na mwanamke aliyekuwa akikanda unga wenyewe.

Alikuwa karani wa masjala. Kazi yake ya ajira ilikuwa kutunza faili, lakini miaka miwili nyuma meneja alikuwa amemkabidhi pia ukurasa wa karakana mtandaoni, kwa sababu hakuna mwingine aliyeutaka. Tangu siku hiyo, kila picha iliyowekwa, kapsheni yake, yaani yale maneno yanayokaa chini ya picha, aliandika yeye. Na aliandika kwa namna yake. Kwanza alichukua penseli na fomu kuukuu, akaandika nyuma yake. Kisha aliyachapa maneno kwenye simu na kwenda nayo langoni kwa mlinzi, mzee mwenye simu ndogo yenye ufa katikati, akamtumia na kumwambia, “Baba, nisomee hapa kwa sauti.”

Mzee alisoma. Pale alipovuta pumzi, karani alikata mstari. Pale alipokwama, alifuta neno. Maneno yaliyozidi yalijificha nyuma ya kitufe cha “soma zaidi”, na karani hakuwa na imani na kitufe hicho hata kidogo. “Watu hawabonyezi,” alikuwa akisema. “Usipomshika mgeni mkono mlangoni, keshapita.” Basi alirudi masjala, akaandika upya, akaenda tena langoni. Mafundi wa kuchomelea walimtania wakampa jina la Bi Pumzi, naye akalizoea kama mtu anavyozoea kiatu kilichombana mwanzoni.

Mwaka huo balaa likaingia. Viti vya karakana vilitengenezwa kwa fremu za chuma na magurudumu ya baiskeli, na kiwanda kilichokuwa kikiwapa magurudumu kilifungwa ghafla. Fremu arobaini zilikuwa tayari zimepakwa rangi ya buluu, zimepangwa ukutani, hazina magurudumu. Kila fremu ilikuwa na jina la mtoto, na shule zilikuwa zinafunguliwa baada ya wiki mbili.

Fremu ya thelathini na moja ilikuwa ya mtoto wa kaka yake Bi Pumzi. Alikuwa binti wa miaka saba ambaye miguu yake haikupata nguvu tangu kuzaliwa. Bibi yake ndiye aliyekuwa akimbeba mgongoni, na mtoto, kwa kuwa alikuwa na mdomo, alikuwa akimwongoza: “Bibi, kulia! Bibi, shimo hilo! Bibi, mbona unakwenda mbio?” Mtaa mzima ulimwita Dereva. Lakini mgongo wa bibi ulikuwa umechoka. Daktari alikuwa amemwambia waziwazi kwamba akiendelea kubeba, atalala kitandani moja kwa moja. Mwaka uliotangulia Dereva alikuwa amekaa nyumbani, na mwalimu mkuu alisema nafasi yake ingeshikiliwa mpaka siku ya kufungua, basi. Baada ya hapo angepewa mwingine.

“Shangazi,” mtoto aliuliza jioni moja, “kiti changu kinakuja lini?”

“Kinakuja,” alijibu Bi Pumzi, na moyo ukamuuma kwa sababu hakujua kama alikuwa akisema kweli.

Ni wakati huo huo alipoajiriwa afisa habari mpya. Alikuwa kijana nadhifu aliyezungumza kama anayesoma hotuba, na siku ya pili tu mafundi walikuwa wameshamwita Msomi. Alimkuta Bi Pumzi akiandaa tangazo la kuomba baiskeli mbovu. Ilikuwa saa nne asubuhi. Saa sita mchana alipopita tena, alimkuta kwenye karatasi ile ile.

“Dada yangu,” alisema, “mistari mitano, nusu siku! Hata kuku akitaga hachukui muda huo. Haya ni maneno tu. Niachie mimi, nitamaliza kabla chai haijapoa.”

Kwa kuwa ndiye afisa habari, akaachiwa. Na kweli alimaliza kabla chai haijapoa. Aliweka picha yake akipeana mkono na meneja, na chini yake akaandika kwa herufi kubwa tupu, bila kupumzika mahali popote, kwamba uongozi wa karakana, kwa heshima na taadhima kubwa, ulipenda kuchukua fursa hiyo adhimu kuwasalimu wadau wote popote walipo. Salamu zikafuatwa na historia ya karakana, historia ikafuatwa na shukrani, na ombi la baiskeli likawekwa karibu na mwisho, likifuatiwa na alama za reli, zile hashtegi, ishirini na tisa.

Siku sita zikapita. Laiki zilikuwa kumi na tatu, mbili kati ya hizo za mke wa Msomi, ambaye alikuwa na akaunti mbili. Maoni yalikuwa mawili. La kwanza liliuliza, “Mnauza?” La pili lilisema, “Hongereni kwa harusi.” Baiskeli iliyoletwa ilikuwa moja, ya mtoto mdogo, na magurudumu yake hayakuzidi sahani.

Asubuhi ya siku ya saba, Bi Pumzi aliingia ofisini kwa meneja bila kupiga hodi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Meneja, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, alikuwa ameketi na Msomi.

“Meneja, naomba unirudishie ukurasa,” alisema. “Zimebaki siku saba. Kuna watoto arobaini ukutani pale.”

“Dada, tusichanganye hisia na utaalamu,” alisema Msomi kwa upole. “Tangazo liko kamili. Jamii yetu tu haisomi.”

“Basi tumuulize anayesoma.”

Mlinzi akaitwa. Akavua kofia, akatoa simu yake yenye ufa, akafunguliwa tangazo la Msomi. Alisoma kwa sauti, akasoma, akakohoa, akameza mate, akaendelea. Jasho likaanza kumtoka.

“Haya, baba,” alisema Bi Pumzi. “Wanataka nini hao?”

“Wanasalimia, mwanangu.”

“Na baada ya kusalimia?”

“Sijafika huko. Bado wanasalimia.”

Meneja alicheka mpaka akatoa leso. Alipomaliza kujifuta macho alimgeukia Msomi, ambaye hakuwa akicheka. “Mpe ukurasa,” alisema.

Bi Pumzi alirudi masjala, akafunga mlango, akachukua penseli. Aliandika mara kumi na nne. Alikwenda langoni mara tisa. Mafundi waliacha kutania. Walijua anapigania nini. Picha aliyoichagua haikuwa ya mtu yeyote. Ilikuwa ya fremu moja ya buluu, imesimama sakafuni bila magurudumu. Alisubiri mpaka saa saba, watu wanapoacha kazi kula na kushika simu, ndipo akaweka maneno haya, akiacha nafasi kati ya mstari na mstari ili jicho lipate pa kukanyaga:

Una baiskeli mbovu nyumbani?

Usiitupe.

Kuna mtoto anasubiri magurudumu yake aende shule.

Ilete karakana kabla ya Alhamisi.

Huwezi kuileta? Piga simu, tutaifuata.

Saa saba na nusu, kimya. Saa nane, kimya. Msomi alipita mlangoni akachungulia. “Hata mimi ningeweza kuandika hivyo,” alisema. “Ni maneno ya kawaida kabisa.” Kalamu aliyoishika Bi Pumzi alikuwa ameitafuna kifuniko chake chote.

Saa nane na robo simu ya karakana ililia. Kabla haijajibiwa ikalia nyingine. Kisha mlinzi akapiga kelele kutoka langoni: “Mwanangu! Njoo uone mwenyewe!” Bi Pumzi alitoka mbio. Langoni alisimama muuza mboga amebeba baiskeli kichwani, mnyororo ukining’inia kama hereni. Nyuma yake alikuwa mwalimu mstaafu akisukuma yake, yenye kutu tangu ujana wake. Nyuma ya mwalimu lilisimama gari la mizigo lenye baiskeli kumi na moja kutoka kwa mtu aliyekuwa na gereji.

“Nilikuwa nakula,” alieleza muuza mboga, “nikaona swali. Nikajiambia, aa, ninayo! Nikainuka.”

Kufikia Alhamisi jioni zilikuwa baiskeli mia moja na arobaini. Zilijaza ua, zikaziba njia ya choo, na meneja akalazimika kuegesha gari lake nje. Wallahi hapakuwahi kuonekana takataka zilizopokelewa kwa vigelegele namna ile.

Lakini furaha ilikuja na kazi. Mafundi walikuwa wawili tu, na kila baiskeli ilihitaji kufunguliwa, kusafishwa na kunyooshwa. Wangefanya hesabu gani ili wamalize kabla ya Jumatatu? Walihitaji watu wa kusaidia, tena wengi.

“Safari hii niachieni,” alisema Msomi usiku haujaingia. “Nimeshaijua siri yenyewe. Ni kufupisha tu.” Na hapo hapo, amesimama, aliandika: “Tunahitaji mikono. Njoo. Wewe ni shujaa.”

Watu walipenda sana. Walituma mikono kweli, vile vikatuni vya viganja vya manjano, mamia kwa mamia. Ijumaa asubuhi, aliyefika langoni alikuwa muuza maziwa peke yake, naye huja kila siku.

Msomi alisimama uani kwa muda mrefu akizitazama baiskeli. Kisha alivua tai, akaikunja, akaitia mfukoni, akaenda masjala.

“Dada,” alisema. “Nimeshindwa. Nifundishe.”

Mwingine angemsimanga, na angekuwa na haki. Bi Pumzi alimpa penseli. Wakaenda langoni pamoja, na mzee akayapokea maneno ya Msomi kama hakimu. “Nije siku gani?” aliuliza. Msomi akaandika. “Saa ngapi? Nije na spana yangu?” Msomi akaandika. “Na mimi nisiyejua kufungua nati, nitafaa, au nitawazibia njia?” Msomi akafuta kila kitu, akaanza tena. Alitoka jasho lile lile alilomtoa mzee siku chache zilizopita. Ilipofika saa saba, maneno yalikuwa haya:

Unajua kufungua nati? Njoo karakana kesho, saa mbili asubuhi.

Hujui? Njoo pia. Tutakufundisha.

Spana zipo.

“Asubuhi nzima,” alinong’ona Msomi, akiitazama karatasi iliyochoka kwa kufutwa. “Kwa mistari mitatu.”

Jumamosi walikuja watu sitini na wawili. Wengine walikuja na watoto wao, wengine wakiwa wamevaa nguo za kazini. Walifungua, walisugua, walipaka grisi mpaka kwenye nyusi. Jumapili alasiri gurudumu la themanini lilikazwa, na ua mzima ukapiga makofi. Bi Pumzi alikaa juu ya tairi, akalia bila kujificha.

Jumatatu, lango la shule lilikuwa limefunguliwa wazi. Dereva aliingia akisukuma magurudumu kwa mikono yake mwenyewe, kidevu juu, akiwaomba wakubwa wampishe. Bibi yake alitembea nyuma, mikono mitupu, mgongo umenyooka, akirudia, “Mtazameni! Mtazameni mwanangu!” kana kwamba kuna aliyekuwa akitazama kitu kingine. Mwalimu mkuu akaandika jina lake daftarini kwa wino.

Afisa wa elimu alikuwapo pia, amekuja kuwapongeza watu wa karakana. Aliomba aonyeshwe lile tangazo lililoleta baiskeli mia moja na arobaini. Alilisoma kwa pumzi mbili, akainua macho, akatabasamu.

“Kumbe ni hili tu?” alisema. “Mistari mitano! Hata mtoto wangu angeandika.”

Bi Pumzi alifungua kinywa ajibu, lakini Msomi alimtangulia. Alikuwa na grisi chini ya kucha, na shingoni hakuwa na tai.

“Mheshimiwa,” alisema, “hata mimi nilisema hivyo hivyo. Ukiona vyaelea, vimeundwa.”