Manyoya ya Sista Kanga

Hapo zamani za kale, watoto wangu, enzi ambazo wanyama walipanga nyumba na kukatiwa maji kama sisi tu, ugonjwa uliingia Mtaa wa Vichuguuni. Ukaitwa Kabaroho. Ukikushika, kifua huu! huu! huu! pumzi inakatika, unapelekwa zahanati kwa machela.

Zahanati yenyewe ilikuwa na nesi mmoja tu, Sista Kanga. Usiku kucha yuko na wagonjwa. Mchana anautafuta usingizi na haupati. Kitanda cha tatu alilala bibi yake Pimbi. Huyu Pimbi alikuwa mdogo kuliko ndoo, na duniani hakuwa na mwingine ila huyo bibi.

Mtaa ukaamua kumuunga mkono Sista. Mnajua walifanya nini? Walimpigia makofi!

"Ladies and gentlemen!" alinguruma Kiboko, mwenyekiti wa mtaa, tumbo limemtangulia. "Kila siku saa nne asubuhi, dakika kumi, makofi kwa shujaa wetu!"

Pwa! Pwa! Pwa! Wamebanana, midomo wazi, wanakoholeana usoni. Na saa nne asubuhi ndiyo saa ambayo Sista amejilaza.

Katikati ya makofi hayo hayo, Ngiri mwenye nyumba akalitupa godoro la Sista nje. Puu!

"Mzee Ngiri, nimekosa nini?" aliuliza Sista, macho mekundu.

"Hujakosa kitu. Tunakupenda sana, Sista. Ila upendwe ukiwa mbali. Unatoka kule na midudu yako, na mimi nina wapangaji."

Sista hakulia. Alisema tu, "Basi kesho napanda basi la kwanza, narudi kwetu. Siwezi kukesha na wagonjwa halafu nilale barabarani."

Pimbi akayasikia hayo. Sista akiondoka, nani atamgeuza bibi? Nani atamtazama akikosa pumzi?

Akakimbia kwa Kiboko, mwenye ufunguo wa kisima. "Shikamoo, Mwenyekiti. Zahanati haina maji, leo siku ya tatu. Tufungulie japo ndoo sita."

"Marahaba. Maji ni ya wananchi."

"Kwani wagonjwa si wananchi?"

"Kijana, usinichoshe! Nimepiga makofi mpaka viganja vimevimba. Mnataka nini tena?"

Akaenda dukani kwa Mama Nyati, aliyekuwa amefungia maboksi ya sabuni mpaka darini, akingoja bei ipande.

"Ahaa, msomi!" alicheka Mama Nyati. "Digrii unayo, kazi huna, sasa umekuwa balozi wa sabuni? Toka!"

Pimbi akarudi, akaketi juu ya godoro pale nje. Hawa wakubwa, akawaza, ukiwaomba ni viziwi. Je, ukiwaficha kitu? Akaona unyoya wa Sista umedondoka godoroni, mweusi wenye madoa meupe. Akauokota, akaufunga kwenye kitambaa, akapita mbele ya Ngiri kama mwizi wa kuku.

"Hicho nini?"

"Si kitu, mzee."

"Pimbi!"

"Mzee, utaniponza. Haya, niambie: Sista ana miezi mitatu ndani ya Kabaroho. Umewahi kumsikia akikohoa?"

Ngiri akakuna pua. "Hata chafya."

"Basi ona madoa haya. Kila doa ni dozi. Scientifically proven. Mimi nimesoma, mzee."

"Lete!"

"Huu hautakufaa. Unyoya humlinda anayemtunza Sista tu. Tena usinyofolewe, utageuka sumu! Udondoke wenyewe, na Sista hadondoshi mpaka ale ashibe, alale fofofo. Sasa wewe umeshamfukuza. Pole. Nasikia Kiboko anampakia chumba rangi."

"Kiboko? Lile pipa? Thubutu!"

Godoro likarudi ndani, fyuu!

Pimbi alimsihi Ngiri asimwambie mtu yeyote. Kwa hiyo kufikia saa tisa mtaa mzima ulikuwa unajua.

Kiboko akaja anahema, Mama Nyati nyuma yake. "Na sisi je?"

"Anayemtekea maji Sista atapata unyoya. Anayempa sabuni atapata," alisema Pimbi. "Lakini mkono mchafu unauua, kwa hiyo mnawe kwanza. Mfunike midomo, pumzi isiupige. Na wenye manyoya wasikaribiane, hatua nne! La sivyo manyoya yanapigana, madoa yanafutika."

"Na makofi?" aliuliza Kiboko.

"Makofi ndiyo mabaya kuliko yote. Yanamwamsha."

Ngiri na kila aliyeleta kitu, Pimbi akampa unyoya aliouokota sakafuni zahanati. Lo! Mngekuwepo mngecheka mpaka mbavu ziume. Kiboko na ndoo mbili, chwa! chwa! chwa! mdomo umefungwa kitambaa cha meza. Mama Nyati na maboksi kichwani, anafoka, "Mwenyekiti, rudi nyuma! Utaniharibia unyoya!" Ngiri naye kakaa mlangoni na fimbo: "Shii! Dawa imelala!"

Wiki tatu zikapita. Vitanda vikaanza kubaki vitupu. Bibi yake Pimbi akaketi, akaomba uji, akalalamika kwamba hauna sukari. Hapo Pimbi akajua amepona.

Siku bibi aliporuhusiwa, Mama Nyati alikuwa mlangoni pa zahanati, Kiboko na Ngiri nyuma yake. "Sista, unyoya wangu umepauka. Nipe mwingine, wenye madoa makubwa."

"Unyoya gani?"

"Wa dawa!"

Sista akacheka mpaka akashika ukuta. "Mama Nyati, manyoya yalinidondoka kwa uchovu! Tangu nianze kulala hayadondoki. Kilichowakinga ni maji, sabuni, kufunika midomo na kuacha kubanana. Si nilisema hapa hapa, kwa kipaza sauti, mwezi mzima?"

"Ulisema," alifoka Kiboko, "lakini ulimwambia kila mtu! Nani ataamini kitu wanachoambiwa wote?"

Kisha wote watatu wakageuka. "PIMBI!"

Wakamjia kwa kishindo, gidi! gidi! gidi! Mara wakasimama ghafla, hatua nne nne, kila mmoja kashika unyoya wake kifuani, just in case. Hakuna aliyethubutu kumsogelea mwenzake.

Na katikati ya nafasi hiyo Pimbi akapita na bibi yake mkononi, polepole, mpaka nyumbani.

Funzo lake ni hili: anayekuuguza hashibi makofi, mpe maji, mpe sabuni, mwache alale, na akisema nawa, nawa.