Kigoda cha Nakijwa

Mtu mmoja alikuwa na mama mzee aitwaye Nakijwa, na mama huyo alikuwa na kigoda. Baba yake Nakijwa ndiye aliyekichonga, mwaka bintiye alipoolewa. Juu ya kigoda hicho alisonga ugali, akanyonyesha watoto wake, na mumewe alipofariki, ndipo alipokaa kupokea mkono wa pole.

Mwanawe, Senkondo, alikuwa amefanikiwa. Alimtoa mama kijijini akampa chumba cha uani, nyuma ya banda la gari. Chakula alipelekewa na mtumishi. Senkondo mwenyewe alipita mlangoni akielekea garini, simu sikioni, akampungia mkono.

Mkoa ule ulipofungua kituo cha urithi, watu wenye majina waliombwa walete vitu vya kale. Senkondo alimtuma mtumishi akachukue kigoda wakati mama yuko bafuni. Nakijwa alirudi akakuta patupu. Alipouliza, akaambiwa atanunuliwa kiti kizuri zaidi. Hakununuliwa. Akawa anakaa sakafuni, juu ya kipande cha boksi.

Ikafika sikukuu ya mkoa. Senkondo alikuwa na wageni, akataka kuwaonyesha kituo, na mama naye akapakiwa garini ili wageni waone kwamba mwenyeji wao ni mtu wa mila. Walizunguka vyumba vyote. Walitazama mikuki, vibuyu na ngoma, wakanong'ona kwa adabu kama watu walioingia msibani. Nakijwa alifuata nyuma na mkongojo wake, miguu ikimwaka moto. Hakuna aliyegeuka kumngoja.

Katika chumba cha mwisho alikiona. Kilikuwa kimeinuliwa juu ya jukwaa dogo, kimewashiwa taa, kimezungushiwa kamba nyekundu. Kibao kilisema: Kigoda cha kale, zawadi ya Bwana Senkondo. Mfanyakazi alikuwa anakipangusa vumbi kwa kitambaa laini, taratibu, kama anayemwosha mtoto mchanga.

Hasira ilimpanda Nakijwa. Tangu aingie nyumba ya mwanawe hakuna mkono uliomgusa namna ile. Akainua kamba, akapita, akakaa.

Wageni wakatoa simu, wakapiga picha. Senkondo alimshika mama yake mkono akamwinua kwa nguvu.

"Mama, unaniaibisha! Huu ni urithi, si kiti cha kukalia."

Kisha akatoa leso mfukoni, akapangusa pale mama alipokalia.

Nakijwa aliiona leso ile. Alitoka nje, akaomba apelekwe kwa binti yake Namkunda, mwuza vitumbua aliyepanga chumba kimoja upande wa pili wa mji. Namkunda hakuuliza maswali. Alimpa mama kitanda, yeye akatandika mkeka chini.

Mwaka ukapita, Senkondo hakutia mguu pale. Sikukuu nyingine ilipokaribia, ndipo gari lake liliposimama mlangoni. Picha za yule bibi kizee juu ya kigoda zilikuwa zimezunguka mkoa mzima, na watu walizipenda. Mama alikuwa barazani anachambua mchicha. Senkondo alianza kusema kabla hajafika.

"Mama, kituoni wanakutaka. Utavaa kaniki, utakaa juu ya kigoda chako siku nzima, watu waje wakuone. Mkuu wa mkoa atakuwepo. Jitayarishe, gari linangoja."

Namkunda alisimama, uso umemwiva kwa ghadhabu. Mama akamzuia kwa mkono. Akamtazama mwanawe kuanzia viatu mpaka usoni, taratibu, kama mtu anayemtafuta mtoto fulani aliyemzaa zamani.

"Senkondo," akasema, "hujaniamkia."

Yule bwana alifungua kinywa. Shikamoo ilipomtoka, mama alikwisha kuingia ndani, na Namkunda alikwisha kuburuta mlango na kutia komeo. Senkondo alibisha, akaita, akabisha tena. Majirani walichungulia madirishani wakamtazama. Mwishowe akarudi garini peke yake.

Nanyi mnaonisikiliza, kesho ni sikukuu. Mtavaa vizuri, mtapanga foleni, mtavua kofia mbele ya vyungu vya wafu. Niambieni basi: walio hai mtawaamkia lini?