Jiwe la Kwanza kwa Nakiete

Hapo zamani, wala si zamani za mazimwi, zamani za juzi tu, aliishi milimani mtu aitwaye Kirumbe, mlinzi wa ndiva. Ndiva ni bwawa la kugawia watu maji ya mashamba, na lango lake la mbao lilikuwa mikononi mwa Kirumbe kwa miaka thelathini. Likifungwa vibaya, alijua bila kuliona. Alisimama ng'ambo ya bonde, akatega sikio, akasema, "Linavuja." Watu wakienda kutazama, kweli linavuja. Walimtania kwamba anasikia hata maji yanayowaza kutoroka.

Ndiva ile ilikuwa na sheria. Ukuta ukibomoka, aliyesababisha huweka jiwe la kwanza, mbele ya wote. Akishaliweka, kijiji kizima humsaidia na kosa lake halitajwi tena. Asipoliweka, hakuna anayegusa kazi.

Kirumbe na mkewe Namtero walijaliwa mtoto mmoja tu, Nakiete. Alipokuwa na miaka tisa koo lilimuuma, likapoa, likamuuma tena. Namtero akampeleka kwa mkata kimeo, kama yeye alivyopelekwa na mama yake. Kile kinyama cha kooni kikakatwa, maradhi yakabaki. Baada ya wiki chache goti likavimba, likanywea, kikavimba kiwiko. Mganga wa zahanati akasema, "Huyu achomwe sindano kila mwezi mpaka awe mtu mzima, hata mkimwona hana neno."

Kirumbe akampeleka mwaka wa kwanza, akampeleka wa pili. Mwaka wa tatu mtoto anapanda mlima na ndoo kichwani huku anaimba, na siku ya sindano imeangukia siku ya zamu ya maji. Kirumbe akasema, "Sindano za nini kwa mtoto anayeimba?" Basi, sindano zikaishia hapo.

Nakiete akakua, akaolewa na Mbazi, akapata mimba. Pumzi ikaanza kumkatikia. Akawa analala ameketi, ameegemea gunia la mahindi, miguu imevimba. Mbazi akimuuliza, anajibu, "Ni mimba tu. Usimwambie baba, atakuja kunichukua." Mbazi akanyamaza.

Mimba ilipofika miezi saba, Nakiete alianguka akiteka maji. Wakambeba mpaka hospitali, Kirumbe naye akaitwa. Daktari, binti mdogo tu, aliuliza maradhi yake ya tangu utotoni, akamsikiliza kifua, kisha akavua masikioni vile vipira vya kusikilizia moyo akamvalisha Kirumbe. "Hebu sikiliza, mzee."

Kirumbe akasikiliza. Alisikia pigo, halafu shwaa. Pigo, halafu shwaa.

"Linavuja," akasema, kabla hajaambiwa chochote. Akakaa sakafuni.

"Ndivyo," daktari akasema. "Moyo una milango, mzee. Damu ikishapita, mlango hufunga isirudi. Wa Nakiete umeingia makovu kwa sababu ya yale maradhi ya koo ya utotoni. Haufunguki vizuri, haufungi vizuri. Damu inarudi nyuma, moyo unafanya kazi maradufu mpaka umetanuka, na maji yamejaa mapafuni. Sindano zilikuwa za kuzuia usizidi kuharibika. Upo mlango wa bandia, anaweza kuwekewa, ila kwanza apate nguvu."

Hakuzipata. Kabla ya adhuhuri Nakiete alikufa, na mtoto wake tumboni.

Siku ya mazishi kaburi lilifukiwa, yakabaki mawe ya kulizungushia. Hakuna aliyesema kwamba sheria ya ndiva inafika makaburini. Lakini hakuna aliyeinama. Watu wote walisimama, mikono nyuma, wakingoja. Kirumbe alipoona wanangoja, alijua wanangoja jiwe la kwanza.

Namtero akaokota jiwe moja, akalishika. "Ni langu. Koo lilikuwa linaomba dawa, mimi nikalipelekea kisu."

Mbazi akalishika. "Mama, niachie. Nyinyi hamkumwona akilala ameketi. Mimi nilimwona kila siku. Aliniomba ninyamaze, nami nikanyamaza."

Kirumbe akalishika. "Niachieni mimi. Niliambiwa wazi, hata mkimwona hana neno. Nikachagua zamu ya maji. Masikio haya yanasikia lango ng'ambo ya bonde, na mwanangu alikuwa akilala kifuani pangu, nisimsikie."

"Wewe hukumkata," akasema Namtero.

"Wala wewe hukujua, mama," akasema Mbazi. "Mimi nilijua kuna kitu."

"Ulitunza siri ya mkeo," akasema Kirumbe. "Mimi sikuwa na siri ya kutunza."

Jiwe lenyewe hata halikuwa zito. Jua likasogea, mikono mitatu imelishika, hakuna anayeachia, na kaburi la Nakiete halijazungushiwa hata jiwe moja.

Haya, nyinyi mlionisikiliza mpaka hapa, kijiji kinangoja na mimi nangoja. Je, nani aliweke?