Mgonjwa Namba Moja

Wahenga hawakuwa na haya. Walipotaka kutuonya kwamba mwenye shida akiificha hapati msaada, hawakuuma maneno; walisema mbele ya watoto na wakwe, mchana kweupe: mficha uchi hazai. Anayeona kauli hiyo ni kali mno na asikilize habari za kijana mmoja aliyeitwa Mjuzi.

Jina hilo alipewa nyumbani akiwa darasa la pili, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumsikia akiuliza swali. Ukimweleza jambo, atakwambia, "Najua." Ukimwelekeza njia, atakwambia, "Najua," kisha atapotea kimyakimya. Alipoingia chuoni kusoma kozi ya kwanza ya kuandika programu za kompyuta, jina alikwenda nalo, na tabia vilevile.

Siku ya kwanza mwalimu, mama mmoja mfupi aliyevaa miwani yenye kamba shingoni, aligawa karatasi mbili za masharti ya kozi.

"Zisomeni zote mbili," alisema. "Ya kwanza inaeleza mtakavyofeli. Ya pili inaeleza mtakavyonusurika."

Darasa likacheka. Yeye hakucheka. Alieleza kwamba programu mbovu ikiletwa pamoja na maelezo ya mahali ilipoharibika, itapata nusu ya alama na siku moja ya kurekebishwa. Lakini atakayeleta kazi ya mtu mwingine atafutwa kwenye kozi, na bila kozi hiyo hakuna kuendelea na chuo. Mlezi wa kila mwanafunzi azisome, kisha atie saini kwenye fomu iliyoambatanishwa nazo.

"Kuna mwenye swali?" aliuliza. Mjuzi alikuwa wa kwanza kutikisa kichwa.

Mlezi wake alikuwa dada yake mkubwa, fundi cherehani, aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki. Dada alipokea fomu huku pini zimemjaa mdomoni. "Umeyasoma haya masharti?" aliuliza kwa taabu. "Nayajua," Mjuzi akajibu. Basi dada akasaini juu ya goti. Fomu ikarudi chuoni, na zile karatasi mbili zikaishia kwenye kikapu cha dada, maana fundi hatupi karatasi. Huikata umbo la kola au la mkono, akaibana kwenye kitambaa, akapitisha mkasi.

Wiki ya tano ikaja kazi nzito kidogo. Waandike programu ya kuita wagonjwa katika zahanati, namba baada ya namba, mpaka foleni iishe. Mjuzi akaandika yake, akaiendesha. Kioo cha kompyuta kikasema: "Mgonjwa namba moja, ingia." Akatabasamu. Kikasema tena: "Mgonjwa namba moja, ingia." Na tena, na tena, mpaka kioo kizima kikajaa mgonjwa namba moja, ambaye kama angekuwa mtu kweli angekwisha pona akaenda zake. Namba mbili hakuitwa kabisa.

Alihangaika nayo siku tatu. Siku ya tatu mwalimu alipita nyuma yake katika maabara ya kompyuta. "Vipi, Mjuzi, inakwenda?"

Mjuzi alikifunika kioo kwa daftari upesi. "Inakwenda, mwalimu." Hakusema uongo. Ilikuwa inakwenda, tatizo ni kwamba haikuwa inasimama.

Saa moja kabla ya muda kwisha, alifungua kazi ya binamu yake aliyesoma kozi hiyohiyo mwaka uliotangulia. Akafuta jina la binamu, akaandika lake, akaituma. Akashusha pumzi. Pumzi ile haikufika mbali.

Jumatano mchana tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa maabara. Kazi zote zingelinganishwa na za miaka iliyopita, na kesho kuanzia saa nne kila mwanafunzi angeitwa ofisini kueleza yake, mstari kwa mstari. Mjuzi alilisoma mara mbili. Alirudi nyumbani akijiona tayari amesimama nje ya lango la chuo na begi lake mkononi, na dada akiuliza kuna nini.

"Mbona huli?" dada alimuuliza akiwa kwenye cherehani.

"Sina njaa."

"Mbona hukai?"

"Sijachoka."

"Makubwa! Huna njaa, hujachoka, na jasho linakutoka kivulini."

Mjuzi akageuza uso, na macho yake yakatua kwenye kitambaa kilicholala mezani. Juu yake ilibanwa kola ya karatasi, na kwenye kola ile maandishi ya chuo. Akainama, akasoma kwa sauti: "Mwanafunzi atakayekiri kwa kinywa chake kwamba kazi aliyoleta si yake, kabla ya saa ya kuitwa, atapoteza". Hapo mkasi ulikuwa umepita.

"Dada! Kipande cha pili kiko wapi?"

"Cha nini? Nilikitupa juzi. Kilikuwa chembamba, hakifai hata kukatia mfuko."

"Atapoteza nini? Atapoteza nafasi? Atapoteza nini, dada?"

Cherehani ikanyamaza. Dada alizitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye mto wake. "Nani huyo aliyepeleka kazi isiyo yake?"

Mjuzi akasema, kwa sauti ambayo hata mwenyewe hakuijua, "Mimi."

"Na mimi nikaweka saini yangu," dada alisema. Hakufoka, na hilo lilimuuma Mjuzi kuliko kama angefoka. "Kawaulize wenzako hayo masharti yanaishia wapi."

"Nikiuliza leo, wote watajua kwa nini nauliza."

"Basi kamuulize mwenye masharti. Nenda kesho mapema. Na hiyo kola ichukue, nitakata nyingine."

Saa mbili asubuhi Mjuzi alikuwa mlangoni kwa mwalimu. Aliingia, akaiweka kola ya karatasi mezani.

"Mwalimu, nina swali."

Mwalimu akaweka kikombe cha chai mezani, akavua miwani. "Wewe? Swali?"

"Hapa panapokatika, anapoteza nini?" Kisha akamwaga yote: namba moja, daftari juu ya kioo, kazi ya binamu.

Mwalimu aliigeuza kola ile, akaisoma. Hasira ilimjaa usoni, wala hakuificha. "Anapoteza alama za kazi hiyo. Zote. Sifuri."

"Na kozi?"

"Kozi unabaki nayo, kwa kuwa saa nne haijafika. Nilikuwa nimeshaiona kazi ya binamu yako, nilikuwa nakungoja. Haya, nionyeshe ya kwako."

"Ni mbovu, mwalimu."

"Sikukuuliza kama ni nzuri. Ifungue, unisomee kila mstari unafanya nini."

Mjuzi akasoma. Mstari wa kwanza unahesabu foleni. Wa pili unamtazama aliye mbele. Wa tatu unamwita. Wa nne unarudi mwanzo… Akasita. Kidole kikabaki hewani.

"Nimemwita," alisema polepole, "lakini sijamtoa kwenye foleni. Bado yuko mbele."

Aliongeza mstari mmoja, akaiendesha. Mgonjwa namba moja, ingia. Mgonjwa namba mbili, ingia. Namba tatu, namba nne, mpaka wa mwisho, na programu ikasimama. Tatizo la siku tatu lilikuwa limekwisha hata chai ya mwalimu haijapoa. Machozi yakamlenga, na safari hii hakutafuta daftari la kujifunikia.

Sifuri ilibaki pale pale, na mwisho wa muhula alivuka kiwango cha kufaulu kwa alama mbili tu. Lakini wiki moja tu baada ya siku ile ofisini, mwalimu alipouliza kama kuna mwenye swali, mkono wa kwanza juu ulikuwa wa Mjuzi. Darasa likaguna, yeye akauliza vivyo hivyo, akajibiwa. Naye leo ukimweleza kwamba wahenga walizidisha ukali, atakwambia walikadiria sawasawa: mficha uchi hazai.